Fundi wa matangi na mashua mbili za Nanyuki

Saa mbili asubuhi, viungani mwa mji wa Nanyuki, Muchiri Theuri amepiga magoti juu ya gunia, kichwa kikiwa chini ya mashua. Anagonga tumbo la mashua kwa mpini wa bisibisi, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena. Kando yake amesimama Yahye, mwenye boma, mikono mgongoni.

“Unatafuta nini huko chini?” Yahye anauliza.

“Sijui bado.”

“Sasa utajuaje ukiipata?”

Muchiri anakwaruza kwa ukucha. Rangi ni mpya, ya buluu, na imepakwa upande wa chini tu. Hilo halimpendezi.

Muchiri, 43, ni fundi wa faiba katika mtaa wa Skuta, mjini Nyeri. Huziba matangi ya maji yaliyopasuka na bampa za magari. Siku nzuri humletea shilingi elfu mbili. Siku nyingine hurudi nyumbani na harufu ya gundi pekee. Zamani alifanya kazi Naivasha akitengeneza mashua za watu, na huko ndiko alikojifunza kutumia tanga. “Jumapili wenyewe wakienda kula, mimi natoka na moja,” anasema. “Kuijaribu tu.”

Sasa shamba moja lenye bwawa kubwa, nje ya Nanyuki, limekubali awatembeze wageni majini kuanzia likizo ya Desemba. Sharti ni kwamba aje na mashua yake mwenyewe, iliyo salama, kabla ya likizo hiyo. Akichelewa, nafasi atapewa mtu mwingine. Ili kupata fedha, yeye na mkewe, Murugi, wameuza mitamba wawili waliokuwa wakiwafuga nyumbani kwao, kijiji cha Wamagana. Fedha hizo zinatosha mashua moja. Akikosea, hakuna mtamba wa tatu.

Kwa Yahye ziko mbili. Mfanyabiashara huyu wa mifugo alizinunua pamoja na mabomba na nyaya za ua, mwenye shamba mmoja alipokuwa akihama. Kubwa ina kijumba cha kulala watu wanne na ilijengwa kwa safari za starehe. Ndogo ni ya mashindano, nyembamba na nyepesi, yenye nafasi ya watu wanne waliobanana. Kinachomsumbua Muchiri ni kwamba Yahye anaziuza karibu bei moja.

“Hii kubwa iko na shida gani?”

“Haina shida.”

“Basi mbona bei yake ni kama ya hii ndogo?”

“Inanijazia boma. Ng’ombe zangu zilale wapi?”

“Na hii rangi?”

“Ni ya kupendeza macho. Kwani wewe hukunyoa leo ukikuja?”

Murugi, aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anacheka, kisha anakumbuka yuko upande gani na kumgeukia mumewe. “Baba Wendy, hakuna mtu anauza nyumba kwa bei ya choo. Uliza tena.”

“Mama, na nyinyi mmesema mliuza ng’ombe,” Yahye anamgeukia. “Walikuwa na shida gani?”

Murugi anageuka kuitazama ile rangi.

Yahye naye ana mashaka yake. Haamini kwamba fundi wa matangi anajinunulia. “Huyu ametumwa na tajiri,” anasema kwa sauti ya kutosha Muchiri asikie. “Mtu wa Nyeri anataka boti ya nini? Anaenda wapi nayo?”

Karibu na boma hakuna maji ya kujaribia. Kwa hiyo Muchiri anafanya anavyofanya na matangi: anaomba mpira wa maji na kuzijaza kwa ndani. Anafunga maji yanapomfika kwenye kifundo cha mguu, maana yakizidi, uzito unaweza kupasua mashua iliyokaa juu ya matairi. Kisha anapangusa nje pakauke, na kupaka majivu ya jiko ili unyevu wowote uonekane.

Wote watatu wanaikodolea macho ile kubwa. Murugi anaizunguka, anainama, anazunguka tena. Chini ya rangi ya buluu hakuna hata tone.

“Umeona?” asema Yahye.

Ni Murugi anayegeuka nyuma. Chini ya ile ndogo, katikati, kwenye mwanya ambamo ubao wa kuizuia isisukumwe kando na upepo hupandishwa na kushushwa, majivu yamelowa. Tone moja linaanguka, kisha jingine.

“Wallahi hiyo sikujua,” asema Yahye.

Muchiri anamtazama kama mtu aliyeamini nusu. Halafu anarudi kwenye ile kubwa na kujipima na mkuku wake, pezi zito la chuma linalotokeza chini yake. Unamfika kifuani. Wakati wa kiangazi, anaeleza, maji ya sehemu nyingi za bwawa lile hufika kiunoni tu. Ubao wa ile ndogo hupandishwa juu, mkuku haupandi.

“Na tena, ile tundu nimeiona,” anasema. “Kuziba ndiyo kazi yangu. Hii kubwa nimetafuta asubuhi yote sijaona kitu. Hiyo ndiyo inanitisha.”

Anapoomba apunguziwe bei ya ile ndogo kwa sababu ya tundu, ni zamu ya Yahye kusitasita.

“Mtu anaacha nzima anachukua iliyotoboka? Umeona nini ndani yake?”

“Nimeona tundu.”

“Tundu haiwezi kufurahisha mtu hivyo.”

Hatimaye Yahye anakubali kupunguza bei kwa gharama ya gundi na faiba, si zaidi, na kuisafirisha kwa lori lake la ng’ombe. Atapanda lori mwenyewe, asema, amwone huyo tajiri.

Hakuna tajiri atakayemkuta. Muchiri amepanga kuung’oa ule mwanya wote, kuujenga upya, na kuijaribu mashua bwawani peke yake kabla mgeni yeyote hajakanyaga ndani.

“Peke yako?” Murugi anamkatiza. “Ng’ombe walikuwa wangu pia. Siku hiyo nitakaa hapo hapo umeziba. Kama umedanganya, mimi ndiye nitalowa kwanza.”

Muchiri anainama kulitazama tena lile tundu.

“Basi nitaziba mara mbili,” asema.