Matobolwa Niliyokatazwa

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule ameziba mdomo kwa kiganja. Nilijua kabla hajasema. Waya wa vyuma vyake vya meno ulikuwa umekatika, ncha inamchoma shavu, naye ananitazama kuona kama nitafoka. Aliniambia pale pale kwamba ameng'ata muwa, hakumsingizia mtu. Badala ya kumgombeza nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yetu hapa Mkuyuni na kulia kama mfiwa. Si kawaida yangu kulia hovyo, kwa hiyo nivumilie kidogo nikueleze.

Mimi niliwekewa vyuma nikiwa darasa la tano. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameota kila moja na njia yake, na mama alishaapa kwamba hatalea binti anayeziba mdomo kila akicheka. Ilipofika likizo ya Juni tukapanda kivuko, akanipeleka Kamanga kwa bibi mzaa baba, pamoja na karatasi ya daktari yenye vyakula nilivyokatazwa. Bibi hakujua kusoma. Alimwomba mama amsomee mara mbili, akavishika kwa vidole: muwa, karanga, mahindi ya kuchoma, matobolwa. Kila asubuhi, kabla hajapuliza moto, alivikunja vile vidole vinne kimoja kimoja, midomo ikimchezacheza.

Na hayo matobolwa ndiyo yaliyokuwa yamejaa pale nyumbani. Viazi vitamu vilichemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikauke na kuwa vigumu kama mti. Bibi aliyaanika juu ya jiwe kubwa nyuma ya jiko, na kazi yangu ilikuwa kukaa pale na fimbo nikifukuza kuku na mbuzi. Yangu mimi aliyaloweka kwenye maziwa tangu jioni, akayaponda kwa mwiko mpaka yakawa laini kabisa, akanipa kwenye bakuli la bati. Yalikuwa matamu, tena sana, na kile kiharufu cha moshi kwenye maziwa bado nakikumbuka. Lakini mimi nilitaka makavu. Nilitaka kutafuna kama watu wengine. Basi mlinzi akageuka mwizi, na mbuzi wakasingiziwa bure.

Siku moja kipande kikanigomea. Nikasikia kach! ndani ya kichwa, kisha ulimi ukagusa waya unaoning'inia. Nikaufichia shavuni. Siku tatu niliongea nimebana midomo, na bibi akadhani nina vidonda. Akanisukutuisha maji ya chumvi ya vuguvugu, akanishika kidevu, "Pole mama, pole," huku nikitema damu kidogo kwenye majivu.

Jumamosi mama akaja kunichukua. Hakumaliza hata kusalimia vizuri.

"Hebu fungua mdomo. Umekula nini?"

Bibi alikuwa ameinama anapepeta mtama. Sikufikiri hata kidogo, nakuapia.

"Bibi alinipa matobolwa."

Ungo ukasimama. Bibi akainua kichwa akanitazama, si kwa hasira, alinitazama tu kama anayetafuta kitu usoni mwangu. Kisha akamgeukia mama.

"Ni kweli, mwanangu. Nilijisahau. Uzee huu."

Mama hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe. Alisema, "Haina shida, mama," kwa sauti ya upole niliyoiogopa kuliko kelele, akaingia ndani kufungasha nguo zangu. Bibi alitusindikiza hadi kivukoni akiwa amebeba begi langu kichwani. Nilikuwa na njia nzima ya kusema ukweli, na nilinyamaza.

Tangu hapo likizo zangu zikawa za mjini. Kila nilipouliza, mama alisema nitakwenda vyuma vikishatoka. Bibi alifariki masika ya mwaka uliofuata, navyo vikiwa bado mdomoni. Msibani wanawake walinisifia kwamba meno yameanza kukaa sawa. Nilitamani kuyang'oa.

Nyumba yake sasa imebaki kuta mbili, na pale jikoni wamepanda mihogo. Sijui kama kuna mtu kwenye familia yetu anayeweza kutengeneza matobolwa. Watoto wangu wanayaona sokoni na kuuliza ni nini.

Jumapili, baada ya binti yangu kutengenezewa waya wake, nilimfuata mama barazani. Anaishi nasi siku hizi, magoti yamemchoka. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama, bibi hakunipa yale matobolwa. Niliyaiba."

Nilitegemea acheke, maana ni miaka mingi. Aliacha mkono juu ya mchele.

"Alinipigia mara tatu," akasema. "Alikuwa anakwenda kwa jirani kuomba simu. Mara ya mwisho alikuomba kwa siku mbili tu. Akasema atakupikia uji, asubuhi na jioni uji, hatakupa kitu kingine."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asubiri kwanza meno yako yanyooke."