Nati za Ekzosi ya Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja nimelala chali chini ya pikapu ya baba mkwe wangu pale Hombolo, vumbi la kutu limenijaa machoni, na mume wangu amesimama pembeni akisema aitwe fundi wa kukata chuma kwa gesi aikate ekzosi yote. Nilikuwa mke mpya, mwanangu, lakini nimelelewa gerejini kwa mjomba wangu Nzuguni, na spana niliizoea kabla ya mwiko. Kwa hiyo usinihurumie. Uvunguni mwa gari nilikuwa kwangu.

Shida ilikuwa hii. Ekzosi, yaani bomba la moshi, ilikuwa imetoboka karibu na injini, moshi ukawa unapanda mpaka wanapokaa watu. Mama mkwe alikuwa na pumu. Dada yake wa pekee alikuwa mgonjwa taabani kule Mtera, na mama alishafunga kikapu chake tangu jana yake, anatungoja sisi. Kumpakia na moshi ule ni kumfikisha naye akiwa mgonjwa. Bomba jipya tulikuwa nalo, ila nati za lile la zamani zilikuwa zimeshikana na bolti kwa kutu, na bolti ikikatikia kwenye injini basi safari hakuna.

Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa nguvu na haraka. Akachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini wa spana ili aizidishie nguvu. Nikamwambia aweke chini. Akacheka, eti mke gani huyu anayempangia. Nikarudia, akaona sitanii, akaweka.

Nikawasha injini chuma kipate moto, nikazima. Kilipobaki vuguvugu nikasugua kwa brashi ya waya, nikapaka mafuta ya breki, nikayaacha yapenye. Kisha nikafanya alivyonifundisha mjomba: sikufungua, nilikaza. Kidogo tu, mpaka nikasikia kutu inalia. Ndipo nikarudisha. Ikigoma nakaza tena kidogo, nalegeza kidogo zaidi. Zikatoka zote, wala bolti moja haikukatika.

Lakini palikuwa na jambo zito kuliko nati. Gari la huku kwetu kwenye ukame haliozi hivyo, na uvungu mzima ulikuwa na ukoko mweupe. Baba mkwe alilipenda gari lile jamani! Kila jioni aliliosha mpaka chini kwa maji ya kisima chake, na kisima chenyewe chumvi tupu. Bomba jipya nalo lingeoza vilevile. Mume wangu alishawahi kumgusia habari ya maji yale, akafukuzwa uani. Sasa mimi, mkwe, ambaye hata kumtazama usoni nilikuwa naona haya, ningeanzia wapi?

Nikakwangua ule ukoko kidogo, nikamfuata, nikapiga magoti nikamwamkia. Nikamwambia gari lile limefika umri ule kwa ajili ya mkono wake, mengine ya rika lake yameshauzwa chuma chakavu. Sikumdanganya, ilikuwa kweli. Akafurahi, akanihadithia siku aliyolinunua, nami nikasikiliza mpaka mwisho. Ndipo nikafungua kiganja.

"Baba, hii imetoka uvunguni. Onja."

Akagusisha ulimi. Akatazama kisima, akatazama gari.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Nikafunga bomba jipya, na mchana ule ule tukaenda Mtera. Mama mkwe alilala njia nzima, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, hakukohoa hata mara moja. Alimkuta dada yake anaongea bado, wakashikana mikono.

Basi, mwanangu, ukikutana na mtu mgumu, awe baba, bosi au mwenzako wa ndani, usimvamie na bomba refu. Atakukatikia. Anza na pale alipo na haki, umpe haki yake bila uongo, usikilize, kisha mrudishe taratibu. Nimefanya hivyo miaka yote hii, na ninakuhakikishia mtu anarudi.

Mungu akupe mkono usio na papara. Na siku utakapoonjeshwa wewe chumvi ya kisima chako, akujalie moyo wa kusema kama yule mzee: kumbe ni mimi.