Daktari aliuliza "Una watoto wangapi?" na Bi Time akajibu "Sina"

Assalaam aleikum wakuu, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona.

Mimi ni bibi wa Kipemba, naandika kwa kidole kimoja, herufi zikikosea mnisamehe. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha, mambo yenyewe sikubadilisha.

Jana kuna dada kaleta uzi, analalamika kuwa intern, daktari mwanafunzi, kamuuliza mambo ya siri mbele ya mama mkwe. Nikacheka, kisha nikakosa raha siku nzima.

Nikamkumbuka Bi Time.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, darasa la nne nimemaliza, nafanya usafi wodi ya wazazi katika hospitali moja ya kaskazini.

Ndoto yangu ilikuwa kofia nyeupe ya nesi. Nilikuwa nakunja foronya, naivaa kichwani, najitazama kwenye ndoo ya maji. Sista, mkuu wa wodi, alinikuta mara mbili. Mara ya kwanza alicheka.

Mwaka huo tukaletewa daktari kijana, Daktari Talib, mtu wa Unguja, katoka masomoni anajifunza kazi chini ya daktari mkubwa. Mpole, lakini kila kitu kwa karatasi. Anasoma swali, anaandika jibu, anakwenda la pili. Akisema "mtoto" kwa lafudhi yake ya mjini, wazazi wanamjibu "ntoto" makusudi, halafu wanachekeana.

Asubuhi moja daktari mkubwa kaondoka na gari kwenda kusini, kurudi jioni. Akaletwa Bi Time, uchungu umeshika, kafuatana na mkwewe, Bi Rukia.

Nilipomwona tu nikamjua.

Mama yangu ni wa Makoongwe, kisiwa cha kusini, na Bi Time alikuwa jirani ya bibi yangu kule. Kwa mume wake wa mwanzo alizaa watatu. Wote walizikwa kabla ya arobaini. Na kila akizaa, damu ilimtoka vibaya sana. Mara ya tatu watu walishaanza kumsomea Yasini.

Mume akamwacha. Akaja kuolewa huku kaskazini, ambako hakuna aliyejua habari zake.

Isipokuwa mimi, na ndoo yangu mkononi.

Daktari Talib akauliza, "Una watoto wangapi, mama?"

"Sina."

Kalamu ikaandika: mimba ya kwanza.

Hapa nisimame kidogo. Bi Time hakusema uongo. Kwetu ukiulizwa una watoto wangapi, unataja walio hai. Waliokwenda ni wa Mwenyezi Mungu, huwezi kusema unao.

Bi Rukia akadakia, "Ndo mwanzo wake huyu, daktari. Hata kulia hajui!"

Nilipompelekea maji, Bi Time akanikamata mkono.

"Weye si mjukuu wa Bi Asha wa Makoongwe?"

"Ndiye, Bi Time."

"Nkwe wangu hajui. Akijua mie nazika tu, ntaachwa tena. Niapie."

Nikamwapia wallahi. Miaka kumi na saba, jamani, na yule mtu ananilia mkononi. Ningefanyaje?

Nikarudi kupiga deki. Lakini macho yangu hayakutulia.

Nilishaona mzazi mwenye historia ya damu anavyoandaliwa. Chupa ya maji inatundikwa, sindano ya kukata damu inawekwa karibu, ndugu wanaitwa kupimwa damu. Kwa Bi Time hakukuwa na kitu. Sindano ziko kabatini, ufunguo anao Sista, na Sista yuko kwa mzazi mwingine.

Daktari Talib akatazama saa. "Mimba ya kwanza, tuna muda," akasema, akaelekea wodi ya wanaume.

Nilideki pale pale mpaka sakafu ikang'aa. Nikisema, nimevunja kiapo na huenda nimevunja ndoa ya mtu. Nikinyamaza, nitamwosha Bi Time akiwa maiti.

Nikatoka mbio. Bi Rukia yuko kwenye benchi mlangoni anavuta uradi kwa tasbihi, siwezi kusema mbele yake.

"Daktari, ndoo imepasuka, njoo uone."

"Mimi na ndoo wapi na wapi?"

"Njoo tu, daktari!"

Nikamwingiza chumba cha kuoshea mabeseni, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Akabadilika rangi.

"Sasa kwa nini kasema hana?"

"Ulimuuliza kama anao. Hukumuuliza kama kazaa."

Akanitazama. "Na damu?"

"Mara zote tatu."

Hakuuliza zaidi. Chupa ikatundikwa, Sista akaja na ufunguo, mume akaitwa apimwe damu. Bi Rukia alipouliza kuna nini, Daktari Talib akamjibu bila kugeuka, "Leo tunaandaa wazazi wote hivi."

Mtoto alitoka adhuhuri inaadhiniwa. Wa kiume, kalia kama anagombana na mtu.

Kisha ikaja damu.

Mimi nilishika beseni. Sitaki kuwaeleza zaidi. Sindano ilikuwa tayari pale pale, yule kijana akachoma, akaanza kulisugua tumbo huku anahesabu kwa sauti. Bi Time midomo imekuwa myeupe. Sista anamwita, haitiki.

Wakatundika damu ya mume. Ikaendelea kutoka, kisha ikapungua, kisha ikakata.

Nikatoka nje kulimwaga lile beseni.

Siku tatu Bi Time hakunisemesha. Na mimi siku hizo tatu nilifunga, kafara ya kiapo nilichovunja.

Siku ya nne Daktari Talib alimtuma Bi Rukia kuleta nguo kavu za mtoto. Akavuta kigoda, mikononi hana karatasi.

"Bi Time, umezaa mara ngapi?"

Bi Time akalia kilio ambacho nadhani alikuja nacho kutoka Makoongwe. Akataja, "Hamadi. Mwanaisha. Wa tatu hakufika siku ya saba, hana jina."

Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Akamwambia ile damu ni ugonjwa, si mkosi, na safari nyingine asizae nyumbani.

Bi Time akanigeukia. "Weye msaliti, nipe maji."

Nikacheka huku nalia. Nikampa.

Arobaini ilipotimia walirudi kupimwa. Daktari Talib siku hiyo hakuwepo, alikuwepo nesi mgeni. Bi Rukia kakaa na mjukuu mapajani. Nesi akauliza lile lile swali, "Una watoto wangapi?"

Nikaacha kufagia.

Bi Time akamtazama mkwewe usoni. "N'na wanne. Alo hai ni huyu."

Bi Rukia akamrekebisha mtoto kofia. Kisha akasema polepole, kama anayejaribu neno geni mdomoni:

"Mie saba. Walo hai wawili."

Wanawake wawili, nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake makaburi.

Wakuu, kofia ya nesi sikuipata. Lakini kila daktari mwanafunzi aliyekuja baada ya hapo nilimwambia ndoo imepasuka, nikamvuta chumba cha mabeseni, nikamfundisha kuuliza. Mnaosoma udaktari humu, ulizeni kazaa mara ngapi na nini kilimpata, na mumuulize mwenyewe, mkwe akiwa hayupo.

Na wengine nyote, leo mpigie bibi yako, au mama. Usimuulize anao wangapi. Muulize kazaa wangapi, na majina yao.

Kisha njoo uyaandike hapa chini. Nitayasoma yote, kwa kidole changu kimoja.