Mama Kunde na Jiko la Hospitali

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja bila shida, mke wa Fundi alikuwa anagombana na kiatu. Kifungo kilikuwa kimelegea; kila akikikaza, kinachomoka. Fundi akamwambia avae vile vingine. Akajibu kwamba vile vingine vinapiga kelele sakafuni, na leo hataki watu wamsikie akija wakapata nafasi ya kujificha.

Alikunywa chai ya rangi amesimama. Fundi alikuwa anakula mayai aliyokaangiwa na mkewe huyohuyo, maana mahubiri yake ya chakula mkewe aliyaacha kazini. Akamuuliza kama anakwenda tena kwa mganga mkuu wa hospitali kwa habari ileile. Ndiyo, ileile. Fundi akasema maji yakimwagika hayazoleki. Mkewe akasema haya hayakumwagika yenyewe, yana mtu aliyeyamwaga, na anajulikana. Akachukua mkoba, akatoka. Hakuna aliyeaga kwa maana. Ilikuwa asubuhi kama nyingine.

Mkewe alipofariki baadaye, msibani watu walimsifu, na Fundi akakereka. Daktari mmoja alisema marehemu alikuwa mpole. Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki akijiuliza mpole yupi huyo. Yule aliyekuwa akifunga kabati mpaka vikombe vinaruka? Mwingine akasema aliipenda hospitali. Aliipenda, ndiyo, kama mtu anavyompenda mtoto asiyesikia. Kile alichokipigania mpaka mwisho hakuna aliyekigusa hata kwa ncha ya ulimi. Fundi hakusoma na maneno mengi hana, lakini ule uongo wa heshima ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkewe alikuwa mtaalamu wa lishe. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na stoo: mizani, meza, viti viwili, na sanduku la vyakula vya plastiki vya kufundishia wagonjwa. Humo mlikuwa na paja la kuku, samaki, yai, na kipande cha nyama chekundu kama mdomo wa bibi harusi. Hamkuwa na punje hata moja ya kunde. Miaka mingi alifundisha kwa sanduku hilo. Mgonjwa akikonda, ale nyama. Akianza kunenepa, asiache nyama.

Kisha akapelekwa semina, akarudi na maswali. Chakula hiki kimetoka wapi? Kimekunywa maji kiasi gani kabla ya kufika kwenye sahani? Mlima ule juu ya mji umebaki kipara kwa ajili ya malisho, na mto umekuwa kijito, na sisi tunaandika nyama, nyama. Aliwaambia wenzake wa lishe, “Tunamtibu mtu presha huku tunamkaushia mto anaokunywa.” Wenzake wakamwambia kazi yao ni mgonjwa kitandani. Mito ina wizara yake.

Hakuwa mtu wa kukataza kila kitu. Watoto waliodhoofika aliwaachia mayai na maziwa yao. Wagonjwa wa figo aliwapangia sahani yao mbali, kwa kuwa kunde si za kila mtu. Lakini waliobaki, na ndio wengi, nyama ya kila siku haikuwafaa wao wala mlima. Alitaka jambo moja kabla hajastaafu: siku moja ya juma jiko la hospitali lipike chakula kisicho na nyama, kiwe kitamu, na mtaalamu wa lishe aweze kumwelekeza mgonjwa, nenda ukapike hivi hivi nyumbani.

Wenzake kazini wakambatiza Mama Kunde. Hata majirani wakamtania Fundi: leo umelishwa, mzee, au umepelekwa malishoni?

Mambo ya jiko lile Fundi aliyajua, maana ndiye aliyeyajenga majiko yake ya kuni. Tena mpishi mkuu alikuwa dada yake, tumbo moja, wifi yake Mama Kunde. Walikuwa mawifi wa kutaniana, huyu akimwita mwenzake mla majani na yule akimwita mla mizoga, kisha wanacheka na kusukana nywele.

Mganga mkuu alianza kwa kukataa. Maharage, alisema, yanakula kuni kuliko nyama. Msitu gani utaokolewa kwa kuukata? Swali hilo lilimuuma Mama Kunde kwa sababu lilikuwa la haki. Akaloweka maharage nyumbani tangu jioni, akayapika asubuhi, akamwita Fundi uani kumwonyesha rundo la kuni zilizobaki. Akarudi na jibu. Akapewa mwezi mmoja wa kujaribu, kila Jumatano mchana. Sasa nani ataloweka, na wapishi wanaondoka jua likiwa bado juu? Ikawa kila Jumanne jioni yeye mwenyewe anabaki, mikono imezama kwenye beseni.

Jumatano ya kwanza ndoo za makombo zilijaa. Mgonjwa mmoja alirudisha sahani akisema, mimi nimelazwa, sijafungwa. Ndugu wa wagonjwa waliingiza kuku wa kukaanga chini ya kanga, wodi nzima ikanukia. Mama Kunde alipima ndoo, akaja nyumbani, akalala bila kula.

Jumatano ya pili ndoo zilirudi nyepesi. Ya tatu, wagonjwa walifuta sahani kwa vidole. Aliingia nyumbani akampiga Fundi mgongoni mpaka akakohoa. Wamekula, mume wangu, wamekula.

Kamati ya hospitali ikakaa kulijadili jaribio. Kilichotokea Fundi alikisikia kwa mkewe na kwa dada yake, na hadithi zao zikalingana, jambo la nadra kwa mawifi. Mama Kunde alieleza vizuri. Kisha mpishi akaitwa aseme jinsi anavyopika. Akasimama kwa fahari, akajifuta mikono kwenye aproni, akasema siri ni mifupa. Tangu juma la pili alikuwa akichemsha mifupa ya ng'ombe, anaichuja, na ile supu anaimimina kwenye maharage, kwa kuwa hakuweza kumwona wifi yake akiaibika.

Kamati ilicheka mpaka mganga mkuu akavua miwani. Kumbe wagonjwa wa Mama Kunde wanakula ng'ombe asiyeonekana. Jaribio likafutwa hapohapo, na watu wakaenda kunywa chai.

Jioni ile mpishi alikuja nyumbani na kikapu cha machungwa. Mama Kunde hakumkaribisha kiti.

“Nilikusitiri, wifi,” mpishi akasema.

“Umenivua nguo mbele ya watu.”

“Yale ya kwanza hata paka wa stoo alinusa akaenda zake. Ungetaka nifanye nini?”

“Uniambie. Vitunguu havitoshi, karanga hazimo, maji mengi, chochote. Ningejua pa kurekebisha. Sasa sijui lolote. Mwezi mzima nimepima mifupa yako.”

Fundi alimenya chungwa, akalila lote bila kuonja. Mkewe ana haki, na dada yake alifanya kwa mapenzi. Ugomvi wa namna hiyo hauna pa kushika. Kuanzia hapo walizungumza kupitia kwake, mwambie dada yako, mwambie mkeo, hali wote wamo chumba kimoja na yeye anageuza shingo kama feni.

Mama Kunde hakuacha. Miezi ikapita, akaomba upya, akaomba tena. Ndivyo ilivyokuwa ile asubuhi ya kiatu. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka adhuhuri, kumbe mganga mkuu ameondoka kwa mlango wa nyuma. Karani akamwambia aje mwezi ujao. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akasimulia hayo huku anamimina chai. Kikombe kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Kilikuwa kiharusi.

Akalazwa katika wodi aliyoihudumia miaka yote. Kila mchana aliletewa nyama, na kila mchana aliisogeza pembeni kwa mkono uliobaki na nguvu. Fundi alimlisha wali. Maneno yalimtoka machache, na mengi yalikatikia njiani.

Halafu nyama ikapanda bei. Hospitali ikaamua, mara mbili kwa juma, maharage. Hakuna aliyetaja mto. Hakuna aliyetaja mlima, wala mwanamke aliyelala kitanda cha karibu na dirisha, aliyekuwa ameliomba jambo hilo mpaka akachoka. Mwenye kutaka kumpa Fundi habari njema alimpa hiyo, naye akatamani kupiga mtu. Walichomnyima kwa hoja wamempa kwa ubahili.

Mpishi mkuu alibaki jikoni jioni, akaloweka mwenyewe. Asubuhi akatia vitunguu vingi, nyanya, karanga za kutwanga. Hakutia mfupa. Mchana alilifuata toroli la chakula mpaka wodini, akasimama mlangoni, asiingie, kwa kuwa hawajapatana.

Mhudumu wa wodi alipita kitanda hadi kitanda. Kila anapoweka sahani anasema: pole, leo ni maharage tu, vumilieni, nyama ikishuka itarudi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepeleka habari za kifo. Wagonjwa wakaanza kuisukuma sahani kabla hawajaonja. Alipofika kwa Mama Kunde akasema vilevile, pole mama, maharage tu. Fundi alifungua mdomo amkemee. Mkewe akamshika mkono wa shati.

Akaanza kula. Alitafuna polepole, upande mmoja, macho darini, kama alivyokuwa akifanya anapoonja chungu kipya cha jikoni. Mlangoni mpishi alikuwa ameikunja aproni yake mpaka ikawa kamba. Fundi alishika kijiko, lakini mkewe alikitaka mwenyewe. Maharage mengine yalimwagikia shukani. Hakujali.

Mhudumu aliporudi kukusanya sahani, aliikuta ya Mama Kunde nyeupe, imekwisha. Akamwinamia kwa huruma, akamwambia pole sana mama, umejilazimisha. Mama Kunde akamtazama. Maneno yalichukua muda kukusanyika, na yalitoka yamepinda, lakini yalitoka yote, na kwa sauti iliyofika mlangoni:

“Usinipe pole, mwanangu. Niongezee.”