Uzito wa Pacha

Mzee Daftari, karani wetu wa kumbukumbu za wagonjwa, hakupewa jina hilo kwa sifa. Tulimbandika sisi manesi, kwa sababu ukimwomba faili la mgonjwa alikuuliza la nani, la nini na utalirudisha saa ngapi, utadhani umemwomba figo. Mimi niko chumba cha pili, kliniki ya watoto, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Miaka kumi na minne nimesikia kikohozi chake, redio yake na msemo wake mmoja: "Mali bila daftari hupotea bila habari. Sembuse mtu?"

Alikuwa na sababu. Mkewe alifariki akiwa na miaka thelathini na mmoja, kwa sindano aliyochomwa hospitali moja huku faili lenye onyo limelala hospitali nyingine. Alinisimulia mara moja tu, tena akipanga makabrasha, hakunitazama. Akabaki na binti mmoja. Alimlea peke yake, akawa anamsuka nywele vibaya mpaka majirani wakamwonea huruma wakamfundisha.

Kwa hiyo wizara ilipoleta mfumo mpya, kila mwananchi na namba yake moja, habari zake zisomeke kituo chochote cha afya nchini, wenzake walinuna. Yeye alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na tano, kwa vidole viwili, akidonoa kama kuku. Alisema mfumo huo ungekuja mapema, yeye leo angekuwa na mke.

Kazi yake kubwa ikawa kusaka watu walioandikishwa mara mbili. Mama mmoja anajiandikisha hapa kwa jina la baba yake, kule kwa jina la mume, basi serikali inahesabu wanawake wawili na kuagiza dawa za wawili. Rekodi za namna hiyo makarani waliziita pacha. Mfumo unakuletea orodha, unazitazama mbili mbili, ukiridhika kwamba ni mtu yule yule unaziunganisha, inabaki moja. Kila jioni aligonga ukuta na kunitangazia: "Nesi, leo nimeua pacha kumi na saba!"

Namjibu, "Polisi watakufuata, Mzee." Tunacheka. Natamani ulimi wangu ungekatika.

Kisha binti yake akajifungua kwetu, mapacha wa kweli, wasichana. Wiki ile nilikuwa zamu wodi ya wazazi, niliwapima mwenyewe. Mmoja kilo mbili na gramu mia nne. Mwenzake kilo moja na gramu mia sita, mdogo, ila anakushika kidole hakuachii. Majina yalikuwa bado, kwa hiyo niliwaandika kama tunavyowaandika wote: "Mtoto wa kike", jina la mama, tarehe. Kwenye kompyuta kulikuwa na kisanduku kinachouliza mtoto ni wa ngapi katika uzazi huo. Hakikuwa cha lazima, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilikiacha wazi. Mara mbili.

Yule mdogo alifariki siku ya kumi na tisa, nyumbani, kifuani kwa mama yake. Alizikwa bila jina, maana mama alikuwa hajaamua. Kadi yake ya kliniki ilipotea siku hiyo hiyo, nyumba imejaa watu, na hakuna aliyekumbuka kuitafuta.

Mzee alirudi kazini siku ya nne. Nilimwambia akapumzike, akanijibu nyumbani kuna kilio na hapa kuna kazi, sasa achague lipi? Makao makuu walikuwa wameamuru orodha ya pacha iwe sifuri nchi nzima ifikapo Ijumaa saa kumi. Alikuwa nazo mia tatu na arobaini. Alizipitia moja moja mpaka Ijumaa saa tisa na nusu, zikabaki sitini na kitu. Juu ya orodha kuna kitufe kimeandikwa "Kubali Zote". Siku zote alikiita kitufe cha wavivu. Siku ile alikibonyeza.

Wiki iliyofuata wakamletea cheti: kituo kisicho na kosa hata moja. Msumari wa kukitundika niliupigilia mimi.

Miezi miwili baadaye binti alikuja, mtoto mgongoni, uso umechangamka kidogo kwa mara ya kwanza. Nilitoka kumsalimia, tukasimama pamoja kwenye mlango wa baba yake. Alikuwa amempatia jina yule aliyeondoka. Hakulitaja. Alitaka kwanza liandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kifo, ili baba yake awe mtu wa kwanza kulisoma.

"Baba, nifungulie wanangu."

Vidole viwili vikadonoa. Vikasimama. Vikadonoa tena, haraka.

"Baba?"

"Ngoja kidogo, mwanangu. Mtandao."

Mtandao ulikuwa mzima, nilikuwa nimetoka kuutumia dakika ile ile. Mfumo ulikuwa unasema binti yake amezaa mtoto mmoja.

Alipiga simu makao makuu. Kijana wa huko akamwambia rekodi zikishaunganishwa, siku thelathini zikipita, hazitenganishwi tena. Daftari la wodi? Lilikwenda na lori kusagwa pamoja na makaratasi yote ya zamani, na aliyetia saini ni yeye Mzee. Basi amwandikishe upya? "Inawezekana, Mzee," kijana akasema kwa adabu zake zote. "Mlete mtoto apigwe picha."

Binti akauliza nani amemfuta mwanawe.

Angeweza kusema ni mfumo. Angeweza kusema nesi aliacha kisanduku wazi, maana kingejazwa mfumo usingewadhania mtu mmoja. Alikuwa amekwishakiona. Aliinua macho akanitazama, nikajua kwamba amekiona. Kisha akasema, "Mimi."

"Wewe," binti akasema. "Wewe uliyenilea kwa kuniambia mtu bila daftari hupotea bila habari." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliondoka na lile jina lake moyoni, na tangu siku hiyo akija kliniki hupita mlango wa baba yake kama mtu anayepita duka lililofungwa.

Neno pacha hatukulitamka tena jengo zima.

Sasa, rekodi mbili zikiungana, mfumo hubakiza uzito mmoja wa kuzaliwa. Ulibakiza wa yule mdogo. Kila Jumatatu rekodi ya mjukuu aliye hai ikawa inawaka nyekundu: mtoto aliyezaliwa na kilo moja na gramu mia sita amenenepaje hivi? Ni kosa la kurekebisha kwa nusu dakika. Mzee huyu, ambaye aliwahi kunirudishia fomu kwa sababu ya nukta, hakulirekebisha. Makao makuu wakamwandikia, akaliacha vile vile. Wakaja wakakiondoa cheti ukutani. Aliwashikia ngazi.

Binti alimleta mtoto kwa chanjo ya surua, miezi tisa. Nilishindwa kuendelea kujificha. Niligeuza kioo cha kompyuta upande wake, nikamweleza habari ya kile kisanduku, na nikalia kuliko watoto wote niliowachoma sindano asubuhi ile. Yeye hakulia. Aliweka kidole juu ya ule uzito.

"Huu si wa huyu."

"Ni wa mwenzake. Nilimpima mwenyewe."

"Mbona upo bado?"

"Baba yako amekataa kuurekebisha."

Kidole hakikutoka pale. Mtoto mgongoni alivuta kilemba chake, mama wala hakugeuka.

"Mwambie asiurekebishe," akasema hatimaye.

"Mwambie mwenyewe, mdogo wangu. Ni ukuta tu huu."

"Sijaweza bado, dada." Akamkaza mtoto mgongoni, akaenda zake.

Upande wa pili redio ilikuwa imezimwa. Sijui ilizimwa saa ngapi. Nilikuwa nafuta meza simu yake ilipolia. Ilikuwa Jumatatu, nikajua ni wale wa makao makuu.

"Naam," nikamsikia. "Ndiyo, nimeiona, nyekundu." Akakohoa. "Hapana, kijana. Hilo si kosa. Huyo ni mjukuu wangu."