Dole la Arobaini na Mbili

Mtaani walimwita Mama Rangi, na kwa miaka ishirini na sita hakuna bucha, saluni wala duka la dawa lililofunguliwa pale bila bango lake. Ukimtania kwamba ng'ombe wake wa bucha anacheka, alikujibu papo hapo: "Ningekuchora wewe, angelia kila mpita njia." Mdomo alikuwa nao, tena wa kutosha.

Picha ya deni aliianza kwa hasira. Redio ilisema kila mwananchi, hata mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, ana fungu lake katika deni la taifa. Mama Rangi akaizima. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi saba, na kabla ya hiyo zilishaharibika mbili. Alimtaka mjukuu huyu kuliko kitu chochote duniani.

"Huyu hata pumzi hajavuta, washamwandika?" alisema, na siku hiyo hakugusa kazi ya mteja.

Alichukua mlango mkuukuu, akaulaza juu ya stuli mbili uani. Tabaka la kwanza likawa gunia na gundi. La pili, mchanga. La tatu, vumbi la mbao lililokandwa na chokaa. Alitaka mtu akipitisha mkono ahisi mkopo juu ya mkopo, huu umechukuliwa kulipia ule, mpaka mlango wenyewe usionekane. Na kwenye tabaka hilo la tatu, likiwa bado bichi, alitaka madole gumba ya majirani, maana ndio walipaji na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hapo ndipo alipojitia matatani kwa neno moja tu. Alimwambia fundi cherehani wa chumba cha mbele, "Waambie watu waje waweke dole." Jamani! Watu wa mtaa ule wakisikia kuna kuweka dole, wanajua kuna kitu kinagawiwa. Kufumba na kufumbua foleni imefika barabarani, wengine na vitambulisho mkononi, mzee mmoja na mfuko mtupu kabisa. Mama Rangi akaeleza kwamba ni picha tu. Wakaguna, wakasonya, lakini kwa kuwa walishapanga foleni, wakaweka. Watu wazima arobaini na mmoja. Wa mwisho alikuwa binti yake.

"Sasa mama, tunapata nini?" aliuliza yule mzee wa mfuko mtupu.

"Mnapata uchafu wa vidole. Nenda kanawe."

Watu walipotawanyika alihesabu madole, kwani alitaka idadi yake iwe jina la picha. Yalikuwa arobaini na mawili. Akarudia, yakawa yale yale. Lililozidi lilikuwa ubavuni mwa dole la binti yake, dogo kama punje ya choroko, na mistari yake yote imetimia. Hakuna mtoto aliyekanyaga uani siku hiyo.

Akalifunika kwa rangi nyekundu. Kesho yake saa sita mchana, rangi ilipokauka, dole lilikuwa juu ya nyekundu. Akapaka nyeusi nzito na kuishindilia mchanga. Likapanda juu ya mchanga. Na we acha tu, lilikuwa limekua: sasa lilikuwa kubwa kama harage.

Mtoto kashasaini, aliwaza, kasaini kabla ya kuzaliwa, na mimi ndiye niliyemtengea karatasi. Jambo hilo alimficha binti yake. Ungemwambiaje mtu aliyekwisha kupoteza wawili?

Akapiga moyo konde. Akachukua kisu cha kukwangulia rangi za zamani, akakwangua nyeusi, nyekundu, vumbi, mchanga, gunia, mpaka mbao ya mlango ikaonekana nyeupe. Kilichomtisha ni jinsi lile dole lilivyotoka kirahisi, laini kama ngozi hai. Chumbani binti aliita, "Mama, mtoto kashtuka sana."

"Atatulia," alijibu, akikifuta kisu.

Dole halikurudi. Picha ilipokelewa kwenye ukumbi wa maonyesho, na watu waliisifia mno, ila walisema wakisogelea ile sehemu iliyokwanguliwa wanahisi baridi. Yeye hakwenda kuiona.

Mimba ilipotimiza miezi tisa, binti akajifungua salama, mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuamsha wodi. Mama Rangi alilia kwa furaha mbele za watu. Kisha muuguzi akaja na kadi ya kuzaliwa, akapaka wino dole gumba la kichanga, akaligandamiza. Likatoka doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Akafuta, akajaribu tena, akaligeuza lile dole kwenye mwanga wa dirisha.

"Limesawazika kabisa," alisema. "Sijawahi kuona. Huyu atakuja kujiandikisha vipi?"

Binti alicheka kwa uchovu. "Basi hakuna atakayemdai."

Mama Rangi hakucheka. Alijua ni yeye aliyemkwangua.