Viti vya Safu ya Pili

Mwaka 2022, kipupwe kikianza na upepo wa Ufipa ukiwa umekwisha kuyakausha mabua shambani, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, mjane wa miaka mitatu na miezi minne, na mwenye karakana ya kutengeneza na kufunga mashine za kusaga nafaka mjini Sumbawanga. Miezi naitaja kwa makusudi. Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nikafaulu mtihani wa kidato cha nne mwaka 2011, na tangu hapo sijaandika jambo lolote bila kulitia tarehe. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata orodha ya sokoni naiandika kama hati ya kiapo. Alisema kwa kujivuna, ingawa mbele yangu alijitia kulalamika.

Karakana aliniachia yeye, pamoja na mafundi wanne na pikapu moja iliyochoka. Pikapu hiyo ndiyo chanzo cha habari hii. Mbele ilikuwa na nafasi ya dereva na abiria wawili. Nyuma ilibeba kinu cha chuma, injini, mikanda, na juu ya vyote hivyo, mafundi. Tuliposhuka kutoka uwandani kwenda Ilemba, kwenye zile kona za mteremko, mimi nilikaa mbele na dereva. Nafasi ya katikati niliupa mkoba wangu. Siandiki hili kwa majuto ya kujipamba. Naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa miaka mitatu sikuona kasoro yoyote katika mpango huo.

Alhamisi, tarehe 26 Mei, fundi mkuu alikuja nyumbani kwangu badala ya karakana, na amevaa viatu vya Jumapili. Mtu huyu alifanya kazi na mume wangu miaka ishirini na miwili. Husikiliza mashine ikiunguruma na kutaja ni ipi kati ya nyundo za kusagia zilizo ndani imelika, kabla haijafunguliwa. Nilijua habari aliyokuja nayo, au nilidhani naijua: siku iliyotangulia, kinu kilikuwa kimeteleza mteremkoni na kubana kiatu chake ubavuni mwa bodi. Mguu ulitoka salama. Kiatu hakikutoka.

Nilimkaribisha chai. Nikaanza kumweleza kwamba nyongeza ya mshahara isingewezekana kabla ya mavuno kusagwa.

"Mama, mshahara sidai," alisema. "Nadai kiti."

Aliendelea kwa adabu ile ile. Kulikuwa na mwenye mashine mwingine mjini, mwenye gari la viti, aliyekuwa akimwita tangu Pasaka. Wenzake watatu wangemfuata. Angesubiri hadi mwisho wa Juni, kwa heshima ya marehemu, kwa kuwa Julai ndiyo mwanzo wa msimu wa kusaga na asingependa kuniacha katikati ya kazi. Alikunywa chai yote, akashukuru, akaenda. Nami nikabaki nikifikiri kwamba karakana bila mtu yule ni chumba chenye vyuma.

Gari nililolitaka nilikwisha kuliona kwenye yadi ya magari: vani iliyofunikwa, yenye safu mbili za viti mbele na nafasi ya mizigo nyuma, bila kizuizi kati. Siku za kazi ingewabeba mafundi na kinu. Jumapili ingetupeleka misani mimi, binti yangu na wajukuu. Na wakati wa mavuno ingeleta mahindi na ulezi kutoka shambani. Kikwazo kilikuwa kimoja. Pikapu, ambayo dalali alikubali kuipokea kama sehemu ya bei, ilikuwa mali ya mirathi, na ingawa msimamizi wa mirathi nilikuwa mimi, tulikwisha kukubaliana kwa maandishi kwamba haitatoka mikononi mwetu bila ridhaa ya kikao cha ukoo.

Kikao kiliketi Jumamosi, tarehe 4 Juni, nyumbani kwa shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu. Niliandaa andiko la kurasa mbili lenye utangulizi, hoja na hitimisho. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilieleza usalama wa mafundi, elimu ya wajukuu, na hata vumbi. Wajumbe kumi na mmoja walinisikiliza kama watu wanaosubiri padri amalize matangazo.

Shemeji ni mzee wa miaka sabini na minne, mrefu kuliko mtu yeyote katika ukoo ule, na anaposimama mlangoni huinama hata pale pasipo na haja. Aliuliza swali moja tu: nyuma kuna nafasi gani?

Nikajibu kwa ufasaha kwamba ni magunia kumi na mawili ya mahindi, kumi na manne yakipangwa vizuri.

"Msomi," alisema, maana hivyo ndivyo aniitavyo akitaka kunichokoza, "magunia sijakuuliza. Nimeuliza urefu."

Urefu ulikuwa futi tano na inchi tisa. Nilipoutaja, ukumbi mzima uliguna. Shangazi wa marehemu alifumba macho na kutikisa kichwa, na nikatambua kwamba watu wote mle ndani walikuwa wakizungumza jambo moja na mimi peke yangu nilikuwa nikizungumza magunia. Jeneza la mtu mzima huhitaji futi sita na nusu.

Katika andiko langu nilikuwa nimeandika "matumizi ya familia", nikimaanisha walio hai. Ukoo ulikuwa na maana yake. Kila mjumbe alisimulia. Mmoja alikumbuka mjomba aliyeletwa kutoka Kasanga kwenye lori la samaki, hata waombolezaji wakashindwa kujua wanalia kwa huzuni au kwa harufu. Mwingine alikumbuka gari la kukodi ambalo mwenyewe alidai kulipwa tena pale pale makaburini. Sasa Mungu amewajalia msimamizi wa mirathi anayenunua gari, na msimamizi huyo anachagua gari ambalo marehemu haenei. Walipendekeza vani nyingine, iliyokuwa kwenye yadi ile ile: safu moja ya viti, na nyuma nafasi ndefu, yenye kizuizi cha chuma kati ya dereva na mzigo.

Nikauliza mafundi wangekaa wapi. Shangazi alinijibu kwa upole kwamba nyuma kuna nafasi ya kutosha. Hivyo niliombwa, kwa maneno mengine, nimtoe fundi mkuu juu ya kinu na kumfungia ndani pamoja nacho.

Tukaafikiana kwamba shemeji aende akayaone magari mwenyewe. Jumamosi iliyofuata, tarehe 11, alifika yadini amevaa koti la suti na kofia. Fundi mkuu nilimwita nikitumaini atasema neno la kitaalamu. Dalali, kijana mwenye maneno laini, aliamkia wazee, akafungua boneti na kuanza kueleza injini. Shemeji alimpita, akaenda nyuma ya vani ndefu, akavua kofia, akanikabidhi, akapanda na kulala chali.

Dalali alinitazama. 

"Mzee, hilo ni gari, si kitanda," dalali alisema.

"Funga milango," shemeji alisema kutoka ndani.

Tulifunga. Alienea, tena kwa nafasi. Tulisubiri, dalali, fundi mkuu na mimi, nikiwa nimeshika kofia ile mbele ya watu waliokuja kununua magari kwa shughuli za kawaida. Tulikaa pengine dakika nne. Ndipo bodi ikagongwa kwa nguvu, tukafungua, akatoka amekunja uso, akasema alikuwa ameita mara tatu. Hatukusikia kitu.

Akahamia gari langu. Hapa miguu ilibaki nje, kuanzia juu kidogo ya visigino, na milango haikufungika. Nikasema moyoni kwamba sasa fundi mkuu ameondoka. Yeye fundi, kwa kukata tamaa au kwa uchovu, alikuwa ameingia kukaa kwenye safu ya pili, akijaribu kiti ambacho hatakipata. Akageuza shingo, akamuuliza mzee hali huko nyuma.

"Baridi miguuni," shemeji alijibu. "Na wewe?"

"Mimi nimekaa, mzee. Sijawahi kukaa kwenye gari la kazi."

Wakaanza kuongea. Nilisikia wakitaja mashine ya kwanza ambayo mume wangu alifunga Kirando, jinsi alivyougeuza mkanda kimakosa na kinu kikapulizia unga wote usoni mwa mteja. Shemeji alicheka mpaka viatu vyake vikatikisika nje ya gari. Dalali alifunga boneti, akakaa kwenye tairi na kusubiri.

Shemeji alipotoka, alichukua kofia yake, akaagana na kila mtu, akaondoka bila kutamka uamuzi. Juma lile lote sikupata neno kutoka kwake. Nilianza kuandika barua ya shukrani kwa fundi mkuu kwa utumishi wake uliotukuka. Niliiandika mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa na machozi kwenye tarehe.

Kikao cha pili kiliketi Jumamosi, tarehe 18 Juni. Sikuandaa andiko. Shemeji hakusimama, aliongea akiwa amekaa, kwa Kifipa kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili, alivyosema, katibu, yaani mimi, asije akaharibu.

Alisema kwamba mwezi Februari 2019, tulipomleta mdogo wake kutoka hospitali ya Mbeya, gari la kukodi lilikuwa refu na zuri, na jeneza lilienea. Yeye alikaa nyuma nalo, peke yake, nyuma ya chuma. Mimi nilikaa mbele. Njia nzima aliongea na marehemu, na alipochoka alituita sisi wa mbele, na hatukumsikia.

"Juzi nimelala ndani ya lile refu la yadini na nimeita tena," alisema. "Lile gari naenea, lakini halina watu. Hili la shemeji miguu inabaki nje. Afadhali miguu."

Sikuwa nimelijua jambo hilo kwa miaka mitatu na miezi minne. Lakini yeye alikwisha kuniamuru niandike.

Shangazi aliuliza milango itakuwaje. Shemeji alisema ifungwe kwa kamba, na mwenye kuona haya atazame pembeni. Mjumbe mmoja alitaka iandikwe "marehemu mrefu", ili wafupi wasije wakafungiwa kamba bila sababu. Iliandikwa. Niliwasomea azimio lote, kwamba kikao kimeridhia vani ya safu mbili za viti, na pikapu itolewe kwa ajili hiyo. Wakatia saini wote kumi na mmoja, wawili kwa dole gumba, saa kumi kasorobo alasiri.

Fundi mkuu alikuwa akisubiri langoni, ameegemea baiskeli yake. Nilimpa habari. Hakufurahi kwa sauti. Aliuliza tu kama angeruhusiwa kuchagua kiti. Nikamwambia achague. Alichagua cha dirishani, kinachotazama mbele, kwa maelezo kwamba miaka yote hiyo ameshuka Ilemba akiwa ameipa njia mgongo, akishikilia kinu, na zile kona anazijua tu baada ya gari kuzipita.